Wakala Aliyekula Matangani

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika. Mtaa mzima wa Ilomba tulimwita Wakala, naye aliitika kwa jina hilo kana kwamba ndilo alilobatizwa nalo. Alikuwa wakala wa bima ya maisha, kazi ambayo miaka ile ya hamsini watu wetu wa Mbeya waliijua kwa kusikia tu, na walichokisikia hakikuwapendeza. Mimi nilimwogopa. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani namsifu mtu niliyemzoea kama mjomba. Tuliishi jirani kwa miaka, tukitenganishwa na ua wa matete tu, na kila alipokohoa upande wake mimi huku niliacha nilichokuwa nakifanya nikasikiliza.

Sura yake haikutisha. Alikuwa mfupi, mwenye mwanya, mpole kwa watoto, koti lake la kaki limechakaa kwenye viwiko. Kilichotisha ni mkoba. Ulikuwa wa ngozi, rangi ya kahawia, akiufunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Watu walisema humo ndani mna majina ya watu wazima, wenye afya, ambao tayari mtu ameketi mahali fulani akawaza siku yao. Mwanangu Tumaini nilimkataza hata kucheza kwenye kivuli cha ile baiskeli. Wakala alinisikia nikimkataza, akauhamisha mkoba wake upande wa pili wa nyumba. Hakununa, wala hakulizungumzia tena.

Kwetu milimani kifo cha mtu hakisemwi mbele ya mwenyewe. Ukimtaja nyoka, shika fimbo mkononi, na huyu bwana alimtaja nyoka nyumba kwa nyumba bila hata kijiti. Kazi yake ilikuwa kumkuta mwanamume katikati ya nguvu zake, ana mke, ana kahawa shambani, ana ndama mpya zizini, na kumweleza habari za siku ambayo hatakuwepo. Nani angempenda mtu kama huyo? Wengine walitema mate chini akishapita. Bibi mmoja wa jirani alikuwa akifagia njia nyuma yake, na Wakala akigeuka kumwangalia, bibi anasema, "Nafagia tu baba, vumbi limezidi."

Kwa hiyo alijitengenezea adabu zake. Neno "kufa" sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alisema "siku ya mvua". "Mzee, paa linaezekwa kiangazi," angeanza hivyo, halafu anyamaze amwache mwenyewe afike kwenye maana. Alikwenda asubuhi tu, jua likipanda. Mkoba hakuuingiza ndani ya nyumba ya mtu. Aliutundika mtini, mbali na mlango, na mwenye nyumba akikubali ndipo wanaufuata wote wawili. Penye mgonjwa hakukanyaga, hata kama mgonjwa ni mbuzi. Na mteja wake akisikika anaumwa, Wakala alipotea Mbeya kabisa. Tungesikia yuko Iringa, yuko Njombe, ana shughuli. Akipona mgonjwa, naye anarudi na kuuliza habari za mahindi.

Mteja mwenyewe mara nyingi alimficha mkewe. Hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mwanamume aliyeandika jina la mkewe kuwa mpokeaji wa fedha aliona ni sawa na kumwekea panga chini ya mto, na aliyeandika jina la ndugu yake akawa na wasiwasi na ndugu. Basi wakaandika kimya kimya, wakalipa kimya kimya, na ndani ya nyumba mke hajui kitu.

Tena palikuwa na daktari. Kabla ya kukubaliwa, mtu alipelekwa mjini akapimwa kifua na kiuno kwa futi, akasikilizwa moyo, akaambiwa akojoe kwenye chupa. Sasa niambieni, nyakati zile kila kijiji kilikuwa na hadithi ya chinjachinja wanaonyonya damu za watu, halafu anakuja mgeni na mkoba anataka mkojo wako. Kule Chunya aliwahi kushuka kwenye kambi ya wachimba dhahabu. Neno "daktari" likamtoka mapema mno, na wachimbaji wote wakakimbilia porini wakaacha maharage motoni. Mwingine angekimbia pia. Wakala aliketi akayakoroga yale maharage, akaongeza maji, akapunguza kuni, akangoja. Waliporudi mmoja mmoja wakiwa na sururu mikononi, aliwaambia, "Yameiva. Chumvi sijatia, sijui mnapenda kiasi gani." Wawili waliandika siku ile. Yeye mwenyewe alituhadithia, akicheka, lakini niliona mkono uliokuwa umeshika fimbo yake haukucheka.

Maana alikuwa mwoga, huyo Wakala. Wengi hawakulijua hilo, na mimi nililijua kwa kuwa jirani. Aliogopa bundi. Aliogopa mbwa, hata mbwa wangu ambaye alikuwa hana meno. Makaburi ya misheni aliyazunguka kwa mbali, akaongeza safari. Kwaheri hakusema, alisema "tutaonana", na ukimwambia wewe kwaheri anasimama pale pale mpaka ubadilishe. Nilimtania siku moja, "Mzee, unauza usichoweza kukitazama?" Akasema, "Mama Tumaini, mwuza viatu lazima awe na miguu mikubwa?" Sikuelewa jibu lile, na nadhani naye hakulielewa.

Kwangu hakuwahi kula. Nilipika, nilimkaribisha, nilimpelekea mpaka kwenye ua. Alipokea maji tu. "Ndaga, mama," angesema, lugha ya kwetu aliyojifunza neno hilo moja la kushukuru, na chakula anakirudisha. Niliona ni maringo. Baadaye nikaona ni kutuhofia. Mnyakyusa akikunyima ugali wake ni vita, na ukiukataa ugali wake ni vita pia, kwa hiyo moyoni nilipigana naye miaka yote hiyo.

Kampuni ilimletea vijana awafundishe. Walikuja wakiwa na viatu vipya na Kiswahili cha shule, wakapanga chumba Ilomba, wakamfuata nyuma na baiskeli zao. Kabla mvua mbili hazijapita walikuwa wameondoka. Kila mmoja aliondoka na sababu yake: huyu kifua, yule ameitwa na mama yake, mwingine anakwenda kwenye migodi ya shaba Rhodesia. Mmoja aliniachia mkoba mlangoni alfajiri kama mtu aliyetupa mtoto. Mume wangu aliwacheka. "Kunguru mwoga," alisema, "hukimbiza ubawa wake." Watu mjini walisema vijana wanachoshwa na milima, na kuambiwa "njoo kesho", na mbwa. Mimi pia niliamini hivyo. Kuuza ni kugumu, basi.

Hawakuwa wanakimbia kuuza. Walikuwa wakikimbia siku ya kupeleka.

Wakala alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: aliyemwandikisha mtu ndiye atakayepeleka bahasha ya fedha kwenye msiba wake, kwa mikono yake, mbele ya watu. Na huku kwetu mambo mawili yanajulikana ambayo Wakala aliyakuta, hakuyaleta. La kwanza, mtu asiye ndugu akileta mali nyingi kwenye nyumba yenye msiba, huyo analipa damu. Atalipiaje kifo asichokisababisha? La pili, aliyemuua mtu kwa uchawi hawezi kula chakula cha matanga yake. Akila, tumbo litamvimba, atamfuata marehemu kabla matanga hayajaanuliwa. Wakala alilichukua hilo la pili akalifanya ngao dhidi ya la kwanza. Alipofika msibani aliomba chakula kabla ya kusema lolote, akala hadharani mpaka sahani ikabaki tupu, ndipo akafungua mkoba.

Haya niliyajua vizuri mwaka mume wangu alipoacha ualimu akaingia kwenye bima.

Nilimlilia asiingie. Alikuwa na maneno matamu, na alimwona Wakala anakaa kwenye nyumba ya bati. Alianza vizuri, Usangu yote akaizunguka. Kule Ubaruku alimwandikisha fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, kijana mwenye mabega mapana, ambaye hakutaka. Mume wangu alimbembeleza msimu mzima. Mwishowe akakubali, akapelekwa kwa daktari, akapimwa, akaonekana mzima. Haikupita miezi mingi, homa ikamchukua kwa siku chache tu.

Habari ilipofika mume wangu alikaa kwenye kigoda akashindwa kufunga kamba za viatu. Nilimwambia naenda naye. Akakataa. Nikamwambia kama ni kuuawa tuuawe wote, Tumaini atalelewa na mama yangu. Wakala alipanda nasi lori la mchele, na njiani akamfundisha.

"Watakuletea chakula. Kula. Usimtazame mtu. Usianze na maji, watasema unasukuma."

"Na nikishindwa?"

"Kwa nini ushindwe? Wewe umemuua?"

Mume wangu aliangalia mbuga, akainama kuzifunga upya kamba za viatu.

Kule msibani niliketi na wanawake, nimejifunika khanga. Hawakunijua, wakaongea.

"Ndio hao wa bima."

"Si walimpeleka kwa daktari wao? Daktari kasema mzima kabisa. Sasa mtu mzima kabisa anakufaje?"

"Wamekuja kulipa damu."

"Watakula, tuone."

Nikainamisha uso, nikajifanya namlilia marehemu. Wali uliletwa, wa mpunga mpya, na maharage juu. Mume wangu alinawa. Alichukua tonge, akalifinya, akalifikisha mdomoni. Halikuingia. Akalishusha, akalifinya tena. Kaka wa marehemu alikuwa amesimama nyuma yake na rungu la kuchungia ng'ombe, na watu walikuwa wameacha kulia.

Wakala akaivuta sahani ile mbele yake. "Kijana wangu ana homa ya njiani," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Kama kuna ubaya ni wangu. Nitakula fungu lake na langu." Akala. Alikula polepole kama mtu aliyelima, akafuta maharage kwa wali wa mwisho, akaomba maji ya kunawa. Rungu likashushwa. Bahasha ikafika kwa mjane, na tukaondoka kabla jua halijageuka. Nilimtazama Wakala kwenye lori, akiondoa punje ya wali kwenye koti. Nikajisemea, huyu ama ana dawa, ama hana moyo. Nilimwogopa zaidi ya wale wa Ubaruku.

Nyumbani nilimwuliza mume wangu.

"Koo lilikataa," akasema.

"Kwani ulimuua?"

"Sijui."

"Hujui vipi, baba Tumaini?"

"Alikuwa hataki. Mimi ndiye niliyeitamka siku yake mbele yake, tena na tena, mpaka akaikubali. Halafu ikaja. Wewe ungejua?"

Ndipo nikawaelewa wale vijana wote, wa kifua na wa kuitwa na mama. Watu wa msibani hawakuwatisha sana kama ile sahani. Kula kile chakula kunataka uwe na hakika na nafsi yako, na kijana gani ana hakika hiyo?

Aliiacha kazi wiki ile ile. Tukahamia kwao, Iringa, akapata ukarani kwenye ghala la tumbaku. Aliniambia mambo ya bima ameyafunga na hatayafungua. Nilimwamini. Miaka kadhaa tuliishi kwa amani, kama unaweza kuiita amani. Kila nikisikia kengele ya baiskeli nilichungulia dirishani kwanza.

Kisha kifua kikamkamata mume wangu, safari hii kifua cha kweli, akafia hospitali.

Matanga yalikaa kwa baba yake, nje ya mji. Mimi nilikuwa mwanamke wa Mbeya katikati ya Wahehe waliokuwa wakinisalimu "kamwene" kwa midomo tu. Shemeji yangu mkubwa alishaanza kuuliza alikula nini siku ya mwisho, na nani alipika. Tumaini alikuwa amekalishwa karibu na bibi yake, si karibu nami. Nilijua maana yake. Neno moja baya likipatikana juu yangu, nitaondoka pale bila mwanangu.

Siku ya tatu, asubuhi, nikiwa mkekani nilimwona Wakala anakuja kwa miguu kutoka barabarani. Amezeeka, koti lile lile. Mkoba alikuwa nao mkononi.

Sasa nitasema lililoniingia moyoni. Mimi, niliyekuwa Ubaruku, niliyejua bima ni nini na tumbo la mtu ni nini, niliuona mkoba ule nikasema moyoni: amemuua. Amemfuata mpaka huku akamuua. Nilimchukia kwa nguvu ambayo sijawahi kuwa nayo tena, na nilimwogopa vile vile. Yeye alinitazama, akaona yote, akainamisha kichwa kwa salamu.

Alitundika mkoba kwenye mti, mbali na mlango. Shemeji akamfuata.

"Mzee, wewe ni nani kwenye ukoo huu?"

"Mimi ni wakala wa bima. Marehemu aliandika kwangu tukiwa Ilomba, na hakuacha kulipa mpaka mwisho. Sijaja kusema kitu. Kwanza naomba chakula."

Shemeji akanigeukia. "Ulijua?"

"Sikujua, shemeji."

"Jina lililoandikwa ni la nani?"

Wakala akajibu badala yangu, "Chakula kwanza, baba."

Wifi yangu alileta ugali na nyama ya msiba, akaweka sahani mbele yake kama anayemwekea mbwa mkali. Wakala akanawa. Akamega tonge. Nilikuwa nimemwona akila mafungu mawili bila kupepesa, kwa hiyo nilikuwa nangoja tu amalize. Mkono ulifika kifuani ukasimama. Tonge likaanguka sahanini. Akamega jingine. Hilo nalo halikupanda. Macho yake yalikuwa kwenye kiti cha marehemu, kilichokuwa kimeegemezwa ukutani, na niliona kwamba analia.

"Kumbe," mtu mmoja akasema. Wanaume wawili wakasogea upande wa njia.

Nilikuwa na muda mdogo sana wa kuogopa, nikautumia wote. Kisha nikainuka. Mjane hainuki mkekani vile, wala hali sahani moja na mwanamume asiye wake, na mbele ya wakwe ndiyo kabisa. Nikaenda, nikanawa kwenye beseni lile lile, nikaketi mbele yake, nikamega ugali upande wake wa sahani, nikala.

"Kula, mzee," nikamwambia kwa sauti ya kusikika. "Mume wangu alikuwa mwanao. Hukumuua. Nami sikumuua. Tule."

Akala. Tulikula pamoja mpaka sahani ikabaki tupu, na hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa sisi wawili tuliokuwa tukitafuna. Aliponawa mara ya pili alikwenda mtini akafungua mkoba, akaniwekea bahasha mkononi mbele ya shemeji. "Ni ya huyu mama na mtoto," alisema. "Mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Mimi ni miguu tu."

Shemeji hakuitazama bahasha. Alimtazama Wakala tumboni, kisha akanitazama mimi tumboni. "Tutaona," akasema. "Tumbo halidanganyi. Mpaka matanga yaanuliwe, mtoto anakaa kwa bibi yake."

Nilimsindikiza Wakala mpaka barabarani, Tumaini akitutazama kutoka kwa bibi yake. Nikamwuliza jambo ambalo liliniuma tangu Ilomba, kwa nini hakuwahi kula kwangu.

"Mumeo aliandika kwangu mapema," akasema. "Nilijua huenda iko siku nitakula kwenu nikitazamwa. Sikutaka kuzoea."

"Wale vijana walidhani una dawa. Hata mimi."

"Dawa ningeipata wapi? Kila nilikokula, nilirudi nyumbani nikangoja. Tumbo likinguruma tu, najua ndiyo hiyo."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Lakini ulijua moyoni kwamba hukuwaua."

Aliangalia upande basi lilikokuwa linatokea, na lilikuwa bado mbali. "Mama Tumaini," akasema, "niliitamka siku yao mbele yao, kama mumeo. Yeye aliacha. Mimi nilidhani nikila sana nitapata hakika." Basi likafika. Akasema tutaonana. Hatukuonana. Nilisikia baadaye kwamba mwaka ule alirudisha mkoba kwenye kampuni, na kwamba vijana walishangaa, wakasema mzee yule hakuwa na woga, kitu gani kimemtoa.

Nilirudi kwenye mkeka wangu. Siku zote zilizobaki shemeji alinisalimu akitazama tumbo. Nilichana ukanda kwenye khanga ya zamani, nikafunga fundo mahali ncha zilipokutana kiunoni, na kila asubuhi kabla nyumba haijaamka nilijifungia chooni nikajipima tumbo kama daktari wa bima, nione kama limevimba. Sikuwa nimemuua mume wangu, hilo nalijua. Hata hivyo kila asubuhi nilijipima, na kabla ya kulitazama fundo nilifumba macho kwanza.